Vitabu Viwili vya Chama Kimoja

Msomaji, katika mwezi wa Aprili, 1951, serikali ya Uingereza ilitikiswa na meno ya bandia. Wala usicheke. Hugh Gaitskell, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikuwa akitafuta fedha za silaha, maana vita vya Korea vilikuwa vikiendelea, na serikali ilikwisha kuahidi kutumia pauni milioni 4,700 kwa majeshi yake katika muda wa miaka mitatu. Katika kutafuta kwake alikata shauri kwamba watu walipe sehemu ya bei ya meno ya bandia na miwani, vitu ambavyo tangu Julai 1948 kila mtu alivipata bure. Mapato yaliyotazamiwa katika mwaka wa kwanza yalikuwa pauni milioni 13. Aneurin Bevan, ambaye ndiye aliyeiunda huduma hiyo alipokuwa Waziri wa Afya, alijiuzulu. Harold Wilson na John Freeman walitoka pamoja naye. Mwezi wa Oktoba chama chao, chama cha Labour, kilishindwa katika uchaguzi ijapokuwa kilipata kura nyingi kuliko mpinzani wake, na kikakaa nje ya serikali kwa miaka 13.

Nyanya yangu, aliyenilea, alitafuna kwa upande mmoja wa kinywa mpaka kufa kwake. Mahindi ya kuchoma aliyaaga zamani, na nyama alikatiwa vipande vidogo kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wasemao kwamba wakubwa hao waligombana kwa jambo dogo. Jino si jambo dogo kwa asiyekuwa nalo. Walakini pauni milioni 13, zikiwekwa kando ya milioni 4,700, ni kama kijiko cha chumvi kando ya gunia. Na hapo ndipo ilipo ajabu yenyewe. Ikiwa fedha zilikuwa chache hivyo, kwa nini Gaitskell asiziache? Na ikiwa zilikuwa chache hivyo, kwa nini Bevan asizimeze? Yaonekana kila mmoja aliona kwamba nyuma ya meno limesimama jambo jingine kubwa, na kila mmoja alikataa kulipisha njia.

Habari ya ugomvi huu husimuliwa kwa namna moja, nami niliipokea hivyo nilipokuwa chuo cha ualimu. Husemwa kwamba katika kila chama cha wafanya kazi pana makundi mawili. Watu wa kushoto hushika imani na kukosa kura. Watu wa kati hushika kura na kukosa imani. Wa kwanza wana moyo, wa pili wana akili, na mpiga kura huchagua kati ya moyo usiotawala na akili isiyopenda. Maelezo haya ni mepesi, na yana utamu wa kila kitu chepesi. Nimekuja kuyakataa kwa sababu ya vitabu viwili vilivyotoka ndani ya chama hicho kimoja, katika muda wa miaka minne tu. Cha kwanza ni cha Bevan, *In Place of Fear*, jina ambalo kwa Kiswahili ni *Badala ya Hofu*, kilichotoka 1952. Cha pili ni cha Anthony Crosland, rafiki wa Gaitskell, *The Future of Socialism*, yaani *Ujamaa wa Siku Zijazo*, kilichotoka 1956. Neno ujamaa nalitumia hapa kwa maana walioitumia Waingereza hao. Tafadhali usilichanganye na ujamaa wa Azimio la Arusha, uliokuwa na wazee wake wengine.

Kitabu cha Bevan nilikisoma kwanza katika nakala iliyokosa jalada, na labda hiyo ndiyo namna ifaayo kukisoma, kwa maana mtu yule hakuwa na jalada. Alizaliwa Tredegar, kusini mwa Wales, mwaka 1897. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, akaingia katika machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake aliuawa polepole na vumbi la machimbo hayo hayo. Elimu yake aliipata katika maktaba ya wafanya kazi wa mji, na tena alikuwa na kigugumizi, hata ikambidi kujikusanyia maneno mengi ili, likimkwama moja, apitie jingine. Walimu wenzangu, tukumbuke jambo hilo tunapomkatiza mtoto anayekwama.

Kitabu chaanza na swali moja ambalo kijana wa machimboni alijiuliza: katika nchi hii nguvu ya kutawala iko wapi, na wafanya kazi wataipataje? Aliwahi kusimulia Bungeni jinsi alivyoifuata nguvu hiyo. Aliambiwa iko katika baraza la mji, akaingia. Akakuta ilikuwapo lakini imeondoka. Aliambiwa imekwenda katika baraza la jimbo, akaifuata huko, akauona upindo wa koti lake ukipotea pembeni. Ni kichekesho, lakini kichekesho chenye mfupa. Katika kitabu hoja imekomazwa. Mambo matatu, asema Bevan, yanashindana katika nchi zilizoendelea: mali ya watu wachache, ufukara wa walio wengi, na kura ya kila mtu. Ama wafukara wataitumia kura kuishinda mali, ama wenye mali, kwa kuwaogopa wafukara, wataiua kura. Mahali pa kupumzikia katikati hapana.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayomwonyesha mbunge mpya aliyetoka kwa maskini akiingia Bungeni kwa mara ya kwanza. Dari limeinuka, vioo vina rangi, sanamu za mawe zimesimama huku na huku, watumishi watembea kwa kunyata. Mgeni adhani yumo kanisani. Sauti aliyokuja nayo kutoka mikutano ya hadhara yashuka yenyewe, bila ya kuamriwa. Na Bevan amnong'oneza: hao wanaoabudiwa hapa ni mababu, lakini si mababu zako, wako hawakuwamo. Mtu yeyote aliyepata kuingia katika afisi kubwa akiwa amevaa viatu vilivyotiwa viraka aijua hali hii. Sijasoma mahali pengine ambapo siri ya jinsi mtu mkali anavyolainishwa imefunuliwa kwa maneno machache namna hiyo. Haikutajwa rushwa wala vitisho. Zimetosha dari na ukimya.

Baada ya kumsifu hapana budi kumpima. Kitabu hiki hakikujengwa vizuri. Sura hufuatana kama watu wanaoingia katika basi, kila mmoja na mzigo wake. Bevan alikuwa msemaji kabla ya kuwa mwandishi, na msemaji hutegemea uso wa msikilizaji umwambie wakati wa kuhama. Karatasi haina uso. Mpinzani wake humdharau mahali ambapo ingempasa kumjibu. Kubwa zaidi ni hili: ataka njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma, lakini atuambia machache mno juu ya kile kinachobadilika zikiisha kuwa mali ya umma. Machimbo ya makaa yalichukuliwa na serikali tarehe 1 Januari, 1947. Bendera mpya zilipandishwa, watu wakashangilia, na asubuhi wakateremka shimoni chini ya meneja yule yule. Bevan alijua hivyo, na ananung'unika juu ya bodi zilizowekwa kuyaendesha mashirika ya umma bila ya kuwajibika sawasawa kwa wateule wa watu. Ananung'unika, kisha apita.

Hapo ndipo anapoingia Crosland. Yeye alizaliwa 1918, akasomeshwa katika shule ya kulipia na katika chuo cha Oxford, akapigana vitani miongoni mwa askari wa miavuli. Alikuwa mbunge tangu 1950, akashindwa katika uchaguzi wa 1955, na kushindwa huko kulimpa nafasi ya kumaliza kitabu cha kurasa zaidi ya 500. Kimepangwa kama kabati la mtu nadhifu: kila hoja ina droo yake. Hana hasira, na mara nyingi ana mzaha. Msomaji atakayetoka kwa Bevan na kuingia kwa Crosland ataona kama ametoka katika mkutano wa uwanjani akaingia katika chumba cha daktari.

Na daktari asemaje? Asema mgonjwa mnayemtibu amekwisha kufa. Ubepari ule wa karne ya 19, wa tajiri mwenye kiwanda anayetawala mshahara, bei na serikali, haupo tena Uingereza. Serikali imechukua sehemu ya nguvu zake, vyama vya wafanya kazi vimechukua sehemu nyingine, na ndani ya kampuni wenyewe wanaoamua ni mameneja wa kuajiriwa, si wenye hisa. Kazi ipo kwa watu wote. Basi wajamaa wanaong'ang'ania kutwaa viwanda wamechanganya njia na mwisho wa safari. Kutwaa mali kulikuwa njia. Mwisho wa safari ni usawa. Na usawa waweza kupatikana kwa njia nyingine: kwa kodi ya urithi, kwa huduma za umma, na zaidi ya yote kwa shule.

Katika habari ya shule Crosland asiye na hasira hupandwa na hasira, nami nampenda kwa ajili hiyo. Uingereza ya siku zile iliwagawa watoto kwa mtihani wakiwa na umri wa miaka 11. Wachache walipelekwa katika shule za wenye akili, na walio wengi waliambiwa, kwa adabu, kwamba hawana. Nasi tuliosomesha kwa ajili ya mtihani wa darasa la nane, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, twaweza kuielewa habari hii bila ya mkalimani. Crosland hakuishia kuandika. Alipokuwa Waziri wa Elimu, mwaka 1965, alitoa waraka wa kuzitaka halmashauri zote zilete mipango ya kuanzisha shule za pamoja zisizochagua watoto. Watu wa kushoto waliosema miaka ya 50 kwamba huyu ni tajiri aliyejipaka masizi hawakupata kufanya jambo lililoingia katika nyumba nyingi kuliko hilo.

Kuna na ile sura ya mwisho. Crosland asema kwamba wajamaa wa zamani walijinyima mno, wakadhani haki itashuka kwa sababu ya kuacha pombe na kupanga majalada vizuri. Yeye ataka mikahawa zaidi, ataka miji ing'ae usiku, ataka sheria za kuchungulia vitabu vya watu na vyumba vyao vya kulala zifutwe. Wakali wa chama walichukizwa. Mimi naona kwamba sura hiyo ina ujasiri, kwa sababu mwandishi athubutu kuuliza watu watafanya nini wakiisha kuipata haki yao.

Sasa, msomaji, weka vitabu hivi viwili kando kando, ujiulize vinapotengana. Utastaajabu. Bevan hakutaka kila duka liwe la serikali. Akubali wazi kwamba patakuwapo mali ya watu binafsi pamoja na mali ya umma, mradi ya umma iwe juu. Crosland naye hakutaka matajiri wastareheke. Kodi ya urithi anayoitaka ingewafanya wengi wao wahame nchi. Wote wawili wataka usawa, na wote wawili waapa kwa Bunge na kwa kura. Palipo tofauti ni mahali pamoja tu, napo ni katika swali lile la kijana wa machimboni: nguvu iko wapi? Bevan asema ingali mikononi mwa wenye mali, na kila mtakachojenga bila ya kuwanyang'anya watakibomoa siku mtakapolala. Crosland asema imekwisha kuhama, na mnapiga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Hili si swali la moyo na akili, wala la imani na kura. Ni swali la habari: kuna mtu ndani ya nyumba au hakuna? Na swali la habari halijibiwi kwa kuitana wasaliti na wendawazimu. Nimepata kuliona jambo hili katika tawi letu la chama cha walimu. Mwalimu mmoja alitaka tuipokee nusu ya nyongeza tuliyoahidiwa; mwenzake alitaka tugome mpaka tupate yote. Walibishana saa tatu. Wa kwanza aliitwa mwoga, wa pili aliitwa mchochezi, na chai ikapoa. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwamo, aliyeuliza kama mwajiri alikuwa na fedha hizo au hakuwa nazo. Na shauri lote lilitegemea hilo.

Basi nani aliyekuwa na habari za kweli? Miaka imepita, twaweza kujibu, ingawa si kwa starehe. Kwa kazi kwa watu wote Crosland alikosea vibaya. Aliandika kana kwamba ukuaji wa uchumi ni mvua ya masika isiyokosa kuja. Mwaka 1976, yeye mwenyewe akiwa Waziri wa Nchi za Nje, serikali yake ilikwenda kukopa dola bilioni 3.9 katika Shirika la Fedha la Kimataifa, na mkopeshaji akataka matumizi yapunguzwe. Crosland alipinga barazani, akasema makato hayo hayana haja; kisha akakubali, ili asimvunje Waziri Mkuu. Alikufa mwezi wa Februari uliofuata. Kufika 1982 watu zaidi ya milioni 3 hawakuwa na kazi. Nyumba ile aliyosema haina mtu, ilikuwa na mtu, tena alikuwa macho.

Lakini ushindi wa Bevan nao si mzima. Machimbo ya makaa yalikuwa mali ya umma, kama alivyotaka. Yakafungwa moja baada ya jingine, na yaliyobaki yakauzwa mwaka 1994. Kuwa mali ya umma hakukuyaokoa. Kilichosimama mpaka leo ni huduma ya tiba, na ukichunguza jinsi alivyoijenga utaona kwamba aliijenga kwa mapatano. Mabingwa wa hospitali walikataa. Bevan akawaruhusu kuendelea kutibu wagonjwa wa kulipa ndani ya hospitali za umma, na husimuliwa kwamba alisema aliwaziba vinywa kwa dhahabu. Hata katika habari ya malipo hakuwa safi kama wafuasi wake wanavyodai: sheria ya 1949, iliyotoa ruhusa ya kutoza fedha kwa dawa, ilipita yeye akiwa Waziri. Basi katika kazi, mtu wa kushoto ndiye aliyekuwa mpatanishi mkubwa, na mtu wa kati, Gaitskell, ndiye aliyeng'ang'ania kijiko chake cha chumvi mpaka serikali ikapasuka. Tena Churchill, aliporudi madarakani mwishoni mwa mwaka ule ule, alikiri kwamba mpango wa silaha hauwezi kutimizwa kwa wakati, na kwamba katika hilo Bevan alisema kweli. Mshirika wa Bevan, Harold Wilson, alipokuwa Waziri Mkuu, aliondoa malipo ya dawa mwaka 1965 na kuyarudisha mwaka 1968. Majina ya kushoto na kati ni kama majina ya maduka: hayakwambii kilichomo ghalani.

Wafuasi walifanya vibaya kuliko mabwana zao. Waliojiita wana wa Bevan walirithi ukali wake wakaacha ustadi wake. Mwaka 1957 Bevan mwenyewe aliukataa mbele yao wito wa kuachilia mbali silaha za nyuklia, nao wakamlilia kama maiti. Mwaka 1981 chama kilipasuka kweli. Wakubwa wanne wa upande wa kati walitoka wakaunda chama kingine, na mwaka 1983, kikiwa na ilani ya kushoto, Labour kilipata asilimia 27.6 ya kura. Kwa upande wa pili, waliojiita wana wa Crosland walichukua kutoka kwake ruhusa ya kuacha viwanda, kisha taratibu wakauacha na usawa, ambao ndio uliokuwa sababu ya ruhusa hiyo. Kifungu cha nne cha katiba ya chama, kilichotaka njia za uzalishaji ziwe mali ya watu wote, Gaitskell alishindwa kukibadili baada ya uchaguzi wa 1959. Tony Blair alikibadili mwaka 1995. Roy Hattersley, mwanafunzi mwaminifu wa Crosland, alilalamika baadaye kwamba chama kimemsahau mwalimu wake. Alikuwa na haki ya kulalamika.

Huenda umekwisha kusikia hoja ya kura, kwamba penye kati ndipo penye ushindi. Blair alipata viti 418 mwaka 1997, na hoja hiyo ikawa kama amri. Tazama hesabu hizi basi. Mwaka 2017, chini ya Jeremy Corbyn wa kushoto, Labour kilipata kura karibu milioni 12.9 na viti 262, kikashindwa. Mwaka 2019, chini yake huyo huyo, kilipata kura milioni 10.3 na viti 202, kikashindwa vibaya. Mwaka 2024, chini ya Keir Starmer, kilipata kura milioni 9.7, pungufu kuliko mara zote mbili, na viti 411. Wapinzani wake walikuwa wamegawana kura zao, na kanuni ya jimbo moja mshindi mmoja ikafanya yaliyobaki. Anayetaka kuthibitisha kwa hesabu hizi kwamba watu waliipenda siasa ya kati, ana kazi. Na anayetaka kuthibitisha kwamba waliipenda ya kushoto, ana kazi kubwa zaidi, maana kushindwa mara mbili ni kushindwa mara mbili.

Sisi wa Kenya tuna jambo letu la kuviuliza vitabu hivi, nalo ni kwamba ndani ya Crosland hatumo. Ajifunga na Uingereza, na kwa kulinganisha, Marekani na Sweden. Kitabu kilitoka mwaka ule aliokamatwa Dedan Kimathi, lakini usawa anaoutaka waishia bandarini Dover. Bevan yu bora kidogo. Asema kwamba nchi maskini zahitaji msaada wa kujiendeleza kuliko mashindano ya silaha. Na Barbara Castle, aliyekuwa katika kundi lake, alikuja Kenya mwaka 1955 kuchunguza maovu ya wakati wa hali ya hatari, na mwaka 1959 aliwabana mawaziri Bungeni juu ya wafungwa 11 waliopigwa mpaka kufa kambini Hola. Lakini tusimtukuze mtu kuliko ushahidi. Toka 1945 mpaka 1951 Labour kilitawala, Bevan na Gaitskell wote wakiwa serikalini, na ardhi ya nyanda za juu ilibaki mikononi mwa walowezi. Juu ya ekari hizo hakuna waziri aliyejiuzulu.

Kuna na tofauti nyingine. Mwezi wa Machi, 1955, watu wa kati walitaka kumfukuza Bevan katika chama. Halmashauri ilipiga kura, akapona kwa kura 14 kwa 13. Mwaka 1959 alikuwa naibu wa Gaitskell, na walikaa ubao mmoja mpaka Bevan alipokufa Julai 1960. Kwetu, KANU ilikuwa na ubishi wa namna hiyo hiyo, juu ya ardhi na mali na nani apewe. Mkutano wa Limuru wa Machi 1966 ulimwondolea Oginga Odinga cheo chake cha umakamu kwa kukigawa miongoni mwa watu wanane. Akatoka akaunda KPU, na KPU kikapigwa marufuku Oktoba 1969. Kwa hiyo vitabu viwili vya chama kimoja, vyenye kujibizana kwa miaka, wasomaji wetu wa miaka ile hawakuvipata. Waraka wa serikali wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika tulikuwa nao. Odinga naye alitoa kitabu chake 1967, lakini alikwisha kuwa nje ya chama.

Ukivipata vitabu hivi, usianze mwanzo. Anza na sura ya Bevan juu ya tiba, hasa pale anapojibu wale waliolalamika kwamba wageni wanatibiwa bure: auliza mgeni atatambuliwaje, ila kwa kumlazimisha kila mwenyeji atembee na kitambulisho? Kisha ruka uende kwa Crosland juu ya shule. Shika penseli. Kila Crosland anapoandika neno lenye maana ya "sasa", andika pembeni 1956. Na kila Bevan anapoandika neno lenye maana ya "wao", andika pembeni jina la mtu unayemdhania. Mimi nilipofanya hivyo, ukingo wa kitabu cha Bevan ulijaa, na nusu ya majina hayo yalikuwa ya watu wa wilaya yetu.